Kampuni zinazopima bahari yetu lakini hazichimbi kisima hata kimoja: zinakula wapi, na data ni ya nani?

#1 Mzawa_wa_Kilwa
Salaam wakuu.

Nafuatilia habari za gesi tangu Songo Songo inaanza kuzalisha mwaka 2004, lakini kuna jambo moja halijawahi kuniingia akilini. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kupita baharini na meli, zinapiga mitetemo, zinachora ramani ya miamba ya chini, kisha zinaondoka. Hazichimbi. Haziuzi gesi. Hazina kitalu, yaani eneo lililopewa leseni ya kutafuta mafuta au gesi. Mfano ni TGS ya Norway, na Spectrum iliyopima Somalia. Zinajigharimia meli na mabaharia, halafu data zinauzwa kwa makampuni ya mafuta, na kila anayetaka kuziona analipia.

Sasa swali. Bahari ni yetu, miamba ni yetu, na gesi ikiwepo ni yetu. Kwa nini Serikali isikodishe meli yenyewe, ipime, iuze data yenyewe, na pesa yote ibaki hapa? Mimi naona tunapigwa. Mwenye ufahamu atufungue macho.

#2 Binti_Ushongo
Naweka kambi hapa. Chai ipo jikoni.

#3 Jiofizikia_Nordi
Mzawa, swali zuri. Hii ndiyo kazi inayonilisha huku Norway, kwa hiyo nitaeleza ninavyoiona kutoka ndani.

Kwanza namna inavyofanyika. Meli inakwenda polepole sana, mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) nne au tano. Nyuma yake inakokota bunduki za hewa. Hakuna baruti humo, ni hewa iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2,000 hivi, inaachiwa ghafla kila baada ya sekunde kumi au zaidi kidogo. Mlio unashuka majini, unapenya sakafu ya bahari, na kila unapokutana na tabaka jipya la mwamba sehemu yake inarudi juu. Ni kama fundi anayegonga ukuta asikie wapi pana tofali na wapi pana tupu. Nyuma zaidi kuna kebo ndefu, kilomita nane, hata kumi, zimejaa haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, zinazonasa kile kinachorudi. Kompyuta inaandika muda uliotumika kwenda na kurudi.

Pili, biashara. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kampuni ya mafuta yenye kitalu inakodi meli, inalipa, na data zinabaki kati yake na Serikali. Ya pili ndiyo unayoiuliza: data za wateja wengi. Hapo kampuni ya mitetemo inaingia mkataba na Serikali, inapima kwa pesa zake, mara nyingi ikiwa na mteja mmoja au wawili waliochangia mapema, kisha inapewa haki ya kuuza leseni za kuziona kwa miaka kadhaa. Serikali inabaki mwenye mali, na kwa kawaida inapata nakala ya data na mgao wa mauzo.

Kwa nini Serikali isifanye yenyewe? Kwa sababu mradi kama huo unakula mamilioni ya dola, na data zisipopata mnunuzi hasara ni ya aliyepima. Hata wenye uzoefu wameanguka. ION ya Marekani, waliokuwa na mradi wa EastAfricaSPAN pwani yetu, waliomba kinga ya mufilisi Aprili 2022. Polarcus ilifungwa 2021. Schlumberger waliamua kuachana na meli za mitetemo, wakaziuza kwa Shearwater mwaka 2018. Hii siyo biashara ya kukaa na kuhesabu noti.

#4 Kumbukumbu_za_Mwamba
Nyongeza kwa #1. TGS haikuzaliwa Norway. Ilianzia Houston mwaka 1981 kwa jina la Tomlinson Geophysical Services, ikaungana na Nopec ya Norway mwaka 1998. Spectrum nayo haipo tena kama kampuni inayojitegemea, ilimezwa na TGS Agosti 2019. Maktaba ya data za baharini za ION ikaangukia kwa TGS hao hao mwaka 2022, na PGS, mshindani wao wa siku nyingi, wakaungana nao Julai 2024.

Kwa hiyo mkuu, ukitaka kujua nani ameshika picha za chini ya bahari ya Afrika Mashariki, orodha inazidi kuwa fupi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko bei. Anayeuza akibaki mmoja au wawili, nchi inapoteza nguvu ya kujadiliana.

#5 Mwana_wa_Dema
Mimi natoka Mafia. Nyie mnaongelea pesa, ngoja niongelee samaki.

Meli ya aina hiyo ilipopita eneo letu, tuliambiwa na maofisa waliokuja kijijini tusikae karibu, na kulikuwa na boti ndogo zinazoitangulia kufukuza ngalawa njiani. Baba yangu anatega dema. Kuna dema zake zilipotea wiki ile. Alikwenda kuulizia fidia, akaambiwa alete uthibitisho kwamba zilikuwepo. Dema la miwaa lililoko chini ya maji utalithibitishaje? Huna risiti, unalifuma mwenyewe.

Na baada ya pale pweza walipungua. Wengine wanasema ni meli, wengine wanasema ulikuwa msimu tu. Sijui nani mkweli, ila hakuna aliyekuja kupima kabla na baada. Hilo ndilo linaloniuma.

#6 Kibokoni_001
Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mzee.

Mimi wa Mombasa nataka kuwakumbusha jinsi data hizi zilivyotaka kuharibu ujirani. Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake kutoka Mogadishu na kumtaka balozi wa Somalia arudi kwao kwa mashauriano. Chanzo? Mkutano wa London wa tarehe 7 mwezi huo, ambapo Somalia pamoja na Spectrum walionyesha data za mitetemo za bahari ya Somalia. Nairobi ikasema vitalu vilivyo kwenye eneo la mgogoro wa mpaka wa bahari kati yake na Somalia vimepigwa mnada. Hivyo Mzawa, usidhani ni ramani tu. Picha ya mwamba ikishaonyeshwa kwa wanunuzi, inageuka kuwa madai ya mpaka.

#7 Geedi_wa_Eastleigh
Kibokoni, eleza na upande wa pili. Somalia ilikanusha kwamba iliuza kitalu chochote pale London. Ilisema ni maonyesho ya data na maandalizi ya duru ya zabuni, na kwamba eneo lenye kesi halikuguswa. Kumbuka wakati huo kesi ya mpaka ilikuwa tayari Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tangu 2014. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021, na sehemu kubwa ya lile eneo ikaenda Somalia.

Kuna kipengele wengi hawakijui. Somalia iliitaka Mahakama itamke kwamba Kenya ilivunja sheria kwa kutoa vitalu na kuruhusu upimaji wa mitetemo kwenye eneo la ubishi. Mahakama ilikataa ombi hilo. Kwa hiyo kupima peke yake hakukuhesabiwa kuwa kosa.

Halafu msichanganye Spectrum na Soma Oil & Gas. Soma walipima mapema, mwaka 2014, kwa mkataba wa aina nyingine: wao walipima ili baadaye wapewe vitalu. Mkataba ule ulizua maneno mengi hadi SFO, ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa, ikaanza uchunguzi 2015, ikaufunga Desemba 2016 bila mashtaka. Spectrum walifuata baadaye, zaidi ya kilomita 20,000 za mistari ya 2D, wao wakiwa wauza data tu. Baada ya hapo Uturuki ikaja kivyake. Meli yao ya Oruç Reis ilifika Mogadishu Oktoba 2024 kupima vitalu vitatu kwa 3D.

Nchi moja, mitindo mitatu ya mkataba. Anayetaka kujua upi una nafuu aiangalie Somalia kwa makini.

#8 Binti_Ushongo
Geedi umenifundisha kitu leo. Asante.

Swali la mjinga: 2D na 3D tofauti yake nini?

#9 Jiofizikia_Nordi
Si la mjinga kabisa dada. 2D meli inapita mstari mmoja, pengine kilomita kadhaa kabla ya mstari mwingine, unapata kipande chembamba cha kwenda chini. Katikati ya mistari unabahatisha. 3D meli inakokota kebo nyingi sambamba na mistari inakaribiana sana, unapata umbo zima la mwamba ambalo unaweza kulikata upande wowote. 2D inatumika kutafuta mahali pa kutazama. 3D inatumika kuamua kisima kiwekwe wapi. Bei ni mbingu na ardhi.

Gesi kwa bahati nzuri huwa inajionyesha. Mlio unaorudi kutoka kwenye mchanga wenye gesi unaweza kung'aa kuliko majirani zake, na mara nyingine mpaka wa gesi na maji unaonekana kama mstari ulionyooka ukiwa umekatiza matabaka yaliyopinda. Hiyo ni sehemu ya sababu visima vya kina kirefu Tanzania vilifanya vizuri, kuanzia Pweza-1 mwaka 2010, Chewa, Chaza, hadi Zafarani ya Statoil 2012.

#10 Mlinzi_wa_Kanda
Hapo kwa visima vya Tanzania mmeruka hatua muhimu. Kabla ya Pweza kulikuwa na Western Geophysical. Ndio waliopima kina kirefu cha bahari ya Tanzania kwa 2D mwaka 1999 na 2000, kwa mtindo huu huu wa kupima kwanza na kuuza baadaye. Wakati ule nani alikuwa na hamu na bahari yetu? Mtu anapouliza kwa nini hatukufanya wenyewe, akumbuke hali ya hazina yetu mwaka ule.

Mimi nimewahi kufanya kazi ya kutunza data, mahali nitapaacha bila jina. Watu wanadhani data ni kitu kiko salama kwenye kompyuta. Za zamani zipo kwenye kanda za sumaku, mduara mmoja unakaribia sahani ya wali. Joto na unyevu wa pwani vinaila ile gundi inayoshika chembe za sumaku. Ukiitia kanda kwenye mashine inanata, inalia, na inaacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha kusomea. Hapo unasimamisha haraka. Dawa yake ni kuipasha kwenye oveni maalumu, joto la nyuzi hamsini na kitu tu, muda mrefu, gundi irudi kushika, halafu unapata nafasi fupi ya kuinakili kabla haijaharibika tena. Nimeona kanda iliyogharimu pesa nyingi kuirekodi ikisomeka nusu, nusu imeenda moja kwa moja.

Sasa niambieni, nchi inayodai data ni mali yake lakini chumba hakina kiyoyozi kinachofanya kazi wikiendi, ni mwenye mali kweli? Kampuni ya nje ilikuwa na nakala safi. Sisi tulikuwa na kanda inayonata.

#11 Mzawa_wa_Kilwa
Mlinzi, post yako imenisikitisha kuliko zote. Yaani hoja inahama kutoka "tunaibiwa" kwenda "hatutunzi". Ila sijashawishika kwamba moja inafuta nyingine.

#12 Mkuza_Mtama
Wakuu wa baharini mmesema, na sisi wa nchi kavu tupo. Nimefanya kibarua cha mitetemo Lindi vijijini. Kazi ya kwanza ni kufyeka mkuza, mstari ulionyooka kwa dira, hauzunguki mwembe wala kichuguu. Mpimaji anaweka vijiti vya rangi, nyuma tunakuja na mapanga. Wanafuata wabeba jiofoni, vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi. Kila jiofoni ina msumari chini, unauchomeka ardhini kwa kisigino mpaka usimame wima, ukiulaza msimamizi anakurudisha. Kwenye mchanga inaingia kirahisi. Kwenye mfinyanzi wa kiangazi mguu unavimba.

Wakati wa kupiga, kila mtu anatakiwa kusimama kimya. Ukitembea tu hatua zako zinaingia kwenye rekodi. Bodaboda ikipita mbali wanasubiri.

Malalamiko yetu yalikuwa fidia ya mazao. Mti wa mkorosho unaozaa ulithaminiwa kwa jedwali ambalo hakuna mwanakijiji aliyelipata mkononi. Na ajira zilikuwa za zamu fupi kwa kila kijiji, mkuza ukivuka mpaka wa kijiji nawe umemaliza. Lakini nitasema na zuri: nilijifunza GPS pale, na hadi leo napima mashamba ya watu kwa ujuzi ule.

#13 Entebbe_Kwetu
Nawasalimu kutoka Uganda. Mzawa, jibu la swali lako lipo huku jirani.

Sisi miaka ya 1980 na 1990 hakuna aliyetutaka. Kisima cha Waki kilichimbwa 1938, ukimya ukafuata. Serikali ikaunda idara ya petroli Entebbe, ikasomesha wanajiolojia wake nje, na hao hao wakazunguka bonde la Ziwa Albert wakipima mvutano na usumaku wa miamba na kuchora ramani. Kampuni zilipokuja zilikuta mwenyeji anajua nyumba yake. Mwaka 2006 mafuta yakatangazwa. Inawezekana kuanza wenyewe, kidogo kidogo, kwa njia za bei nafuu.

#14 Kumbukumbu_za_Mwamba
Entebbe, mfano ni mzuri lakini haulingani. Kupima mvutano nchi kavu unahitaji kifaa, gari na watu wavumilivu. Kina cha maji cha mita 2,000 unahitaji meli. Na hata Uganda, mitetemo yenyewe kabla ya kuchimba ililipiwa na kampuni zenye leseni.

#15 Entebbe_Kwetu
Sikusema tulinunua meli mkuu. Nimesema tulikuwa na watu. Ukiwa na watu wanaosoma data, hata mkataba na muuza data unauandika tofauti.

#16 Mwana_wa_Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Hapa Oman mitetemo inapigwa jangwani kwa malori mazito yenye bamba chini ya tumbo. Lori linashusha bamba, linajinyanyua juu yake, linaitetemesha ardhi kwa sekunde kadhaa kuanzia mlio mzito kwenda mwembamba. Yanakwenda makundi makundi usiku na mchana.

Nimelitaja kwa sababu kuna uhusiano na nyumbani. ARA Petroleum, wanaoendesha kitalu cha Ruvuma kule Mtwara, ni kampuni ya Oman. Mwaka 2022 walipima 3D eneo la Ntorya, kilomita za mraba 338. Ntorya-1 ilikuwa imeshapata gesi tangu 2012 kwa kutegemea 2D, lakini ukubwa wake ulikuwa ni wa kukisia. Kwa hiyo anayesema 3D ni anasa aangalie pale. Miaka kumi ya kukisia kabla ya kupima sawasawa.

#17 Tundaua_Asili
Assalaam aleikum. Hakuna aliyeitaja Pemba, na sisi ndio tuna mafuta yanayotoka yenyewe. Tundaua watu wanajua tangu mababu. Bara nako kuna Wingayongo, karibu na Rufiji. Hao BP na Shell walichimba Unguja na Pemba miaka ya 1950 na 1960 wakaondoka. Mwaka 2017 meli ya BGP ya Wachina ikapima bahari yetu kwa ajili ya RAK Gas, na ndege ilikuwa imepita kabla kupima mvutano.

Mimi naamini kampuni hizi zinajua tayari, zinakaa kimya mpaka bei ipande. Haiwezekani mafuta yachuruzike juu halafu chini pasiwe na kitu.

#18 Jiofizikia_Nordi
Sheikh Tundaua, heshima yako, lakini kuchuruzika kunaweza kumaanisha kinyume. Mafuta yanayofika juu ni mafuta ambayo mtego, yaani mwamba unaopaswa kuyafunika, umeshindwa kuyazuia. Yanathibitisha kwamba mwamba wa kuzalisha mafuta upo, hilo ni jambo kubwa. Hayathibitishi kwamba kuna mahali yamejikusanya.

Na kampuni ya data haina faida ya kukaa kimya. Yenyewe inakula kwa kuonyesha.

#19 Tundaua_Asili
Ya kuonyesha ndiyo inayoonyesha. Mwenye kitalu je?

#20 Lodwar_Fm
Tundaua ana hoja, na huku Turkana tuna ushahidi wa kuitafakari. Shell walichimba Loperot-1 mwaka 1992, wakakutana na dalili za mafuta, wakafunga wakaenda. Miaka ishirini baadaye, Machi 2012, Tullow na Africa Oil wanachimba Ngamia-1 kwenye bonde lile lile la Lokichar na Kenya nzima inashangilia. Data za zamani zilikuwepo muda wote.

Maelezo niliyosikia ni mengi. Mmoja anasema bei ya mafuta ya miaka ya 1990 haikuruhusu, pipa lilikuwa chini ya dola 20 na kusafirisha hadi Lamu ni ndoto. Mwingine anasema kompyuta za wakati ule hazikuweza kuonyesha ule ukingo wa bonde ambako mafuta yalikuwa. Mwingine anasema kama wewe, walijua. Nami naongeza la nne: hapakuwa na ofisi Nairobi yenye kazi ya kuzichukua zile data na kuzipigia debe. Muuza data angefanya hivyo, kwa sababu ndio ugali wake.

#21 Kibokoni_001
Lodwar, na bahari yetu je? Data tulikuwa nazo nyingi, tukachimba Mbawa-1 mwaka 2012, gesi ikapatikana kidogo isiyolipa. Kubwa-1 ya Anadarko mwaka 2013 haikuwa kubwa. Data nzuri haileti mafuta.

#22 Binti_Ushongo
"Kubwa haikuwa kubwa." Kibokoni wewe ni mtu hatari 😂

Turudi kwa Mwana_wa_Dema jamani. Post yake imepita hivi hivi na wanaume wote mmekimbilia 3D. Nani ana jibu la samaki?

#23 Makhanda_Msomi
Nipo Afrika Kusini kimasomo, nimeisoma kesi yao. Desemba 2021 jamii za Wild Coast zilikwenda Mahakama Kuu ya Makhanda kumzuia Shell, meli ikiwa tayari baharini. Mahakama ikasimamisha upimaji. Septemba 2022 ikafuta kibali chenyewe, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa mwaka 2024 ilikubali kwamba kibali kilitolewa isivyo, ila ikaacha mlango wazi wa kuomba kukihuisha.

Ya pili inahusu uzi huu moja kwa moja, maana ni kampuni ya data. Searcher ya Australia ilitaka kupima pwani ya magharibi kwa ajili ya kuuza data. Wavuvi wadogo wakaenda mahakamani na Machi 2022 ikazuiwa. Walishinda kwa hoja ya kushirikishwa, na hoja ya riziki na utamaduni wa bahari ilisikilizwa. Mzee wa dema angekuwa na pa kusimama kule.

Kuhusu samaki wenyewe, utafiti unaotajwa sana ni wa Bahari ya Barents, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanorway walipiga bunduki za hewa makusudi na kupima mavuno kabla, wakati na baada. Samaki wa cod na haddock walipungua nusu hadi umbali wa kilomita 33, na siku tano baada ya milio kuisha walikuwa bado hawajarudi. Mwaka 2017 Waaustralia wakachapisha utafiti wa Tasmania ulioonyesha viumbe vidogo vinavyoelea majini vikifa hadi umbali wa kilomita 1.2 kutoka kwenye bunduki.

#24 Jiofizikia_Nordi
Utafiti wa Barents naujua na ni wa kuheshimika. Nikumbushe tu kwamba matokeo ya tafiti zilizofuata hayafanani, yanategemea aina ya samaki, kina, na namna ya kuvua. Pweza wa mwambani kwenye maji mafupi si cod wa mita 250. Ninachokubaliana nacho bila ubishi ni alichosema Mwana_wa_Dema: lazima kupima kabla na baada. Isipofanyika hivyo kila upande unabaki na imani yake.

#25 Mwana_wa_Dema
Asanteni. Nimempigia mzee, anauliza hao wa Afrika Kusini walipata wapi wakili.

#26 Makhanda_Msomi
Mwambie mzee walisaidiwa na mashirika ya sheria ya kutetea haki za jamii, hawakulipa mfukoni. Njoo inbox.

#27 Wakili_Mpole
Nimeusoma uzi wote. Kwa Tanzania, Sheria ya Petroli ya 2015 inasema data za utafutaji ni mali ya Serikali. Msimamizi ni PURA, mamlaka ya udhibiti wa utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, na TPDC ni shirika la taifa la mafuta. Kwa hiyo swali la "data ni ya nani" kwenye karatasi limejibiwa. Swali gumu ni nani anaruhusiwa kuzionyesha, kwa miaka mingapi, na mgao wa Serikali unaanza lini: tangu leseni ya kwanza iuzwe, au mpaka aliyepima arudishe gharama zake? Hayo yamo kwenye mkataba, na mkataba mwananchi haujui.

Mwaka 2015 ilipitishwa pia sheria ya uwazi wa tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Kabla yake, Novemba 2014, PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe ilidai mikataba 26 ya gesi hadi wakubwa wawili wa TPDC wakashikiliwa kwa muda. Vita ile ilikuwa ya mikataba ya vitalu. Mikataba ya data haikuzungumzwa sana, wakati ndiyo inayotangulia yote.

#28 Mzawa_wa_Kilwa
Wakili umenipa nilichokuwa nakitafuta. Basi nibadilishe swali: Jiofizikia, huko kwenu mgao wa nchi unaanza lini kwa kawaida?

#29 Jiofizikia_Nordi
Kila nchi kivyake. Siwezi kukutajia namba ya mkataba wa mtu. Lakini nitakupa jambo la kudai ambalo ni kubwa kuliko asilimia: data zilizochakatwa upya. Rekodi ya 1999 ikipitishwa kwenye programu za leo inatoa picha mpya kabisa, bila meli kurudi baharini. Hiyo picha mpya inauzwa upya. Mkataba ukitaja data za awali tu, mabishano yanaanzia hapo.

#30 Mlinzi_wa_Kanda
Hapo Nordi amegusa mshipa. Na huwezi kuchakata upya kanda inayonata. Ukikosa rekodi ghafi unategemea nakala ya mwenzako, na mwenye nakala ndiye mwenye sauti mezani.

#31 Kumbukumbu_za_Mwamba
Bado nasimama na #4. Hata kanda zikiwa safi, mnunuzi wa Houston anakwenda kwenye duka analolizoea. Tatizo ni soko.

#32 Entebbe_Kwetu
Nami bado nasema watu. Mtaniambia.

#33 Mkuza_Mtama
Samahani nauliza pembeni kidogo. Kijijini kwetu visima vya maji vitatu vimechimbwa vikatoka vikavu. Ile mitetemo iliyopigwa kwenye mashamba yetu haiwezi kuonyesha maji?

#34 Lodwar_Fm
Mkuza, uwe mwangalifu. Sisi mwaka 2013 tulitangaziwa ziwa la maji chini ya ardhi Lotikipi, UNESCO na Serikali wakiwa mbele. Baadaye kisima kikachimbwa, maji yakapimwa yakawa na chumvi. Picha inaonyesha mahali, haionji.

#35 Mwana_wa_Ruwi
Mitetemo ya mafuta inalenga kina cha kilomita na zaidi, sehemu ya juu kabisa mara nyingi inakuja na kelele na inatupwa. Kwa kisima cha kijiji mtafute mtu wa kupima ukinzani wa umeme ardhini, ndicho kipimo cha maji. Gharama yake kijiji kinaweza kuchanga. Hivyo vitatu vikavu, mlifikia mita ngapi na mwamba ulikuwa wa aina gani?

#36 Mkuza_Mtama
Viwili havikuvuka mita 60. Mfinyanzi wa kijivu mpaka chini, wa mwisho wakakutana na chokaa ngumu wakasimamisha mtambo.

#37 Mwana_wa_Ruwi
Waliposimama kwenye chokaa ndipo ningeanza kutafuta. Nitumie mahali kilipo, una GPS.